Mrushaji Aliyeposwa Akaachwa

Verlyn Haverkamp alikuwa muuza mbegu za mahindi, na laiti mbegu zake zingeota kama maneno yake, jimbo zima la Iowa lingekosa mahali pa kuweka mguu. Ndivyo alivyosema mkewe, Lorna, na Lorna hakuwa mtu wa maneno mengi. Yeye alikuwa mtu wa kutazama. Aliolewa na Verlyn akiwa bado binti mdogo, akamtazama, akamjua, na tangu hapo kazi yake kubwa ikawa kumdharau kimyakimya huku akimpikia.

Na Verlyn, kwa kustahili dharau, hakuwa mchoyo. Kila asubuhi wanaume wa mji wa Wexel walikaa kwenye meza moja pale ushirika wa wakulima, wakatupa dadu kuamua nani awalipie wenzake kahawa, na kila asubuhi Verlyn alipata njia ya kuutaja ujana wake. Eti alikuwa achukuliwe na timu za besiboli za kulipwa, ila goti. Goti! Lorna alikuwepo siku hizo, akala karanga kwenye jukwaa lilelile, na goti halikuwa na kitu. Kilichomshinda Verlyn ni mpira unaopinda. Ukirushwa ukapinda, yeye alipiga upepo, halafu akageuka kumkazia macho mwamuzi kana kwamba mwamuzi ndiye aliyeukunja. Lakini uongo ukisemwa miaka nenda miaka rudi mbele ya watu wenye adabu hugeuka historia, na siku hizi goti lile lilikuwa likimuuma kwelikweli majira ya baridi.

Mungu, ambaye naye ana mizaha yake, akampa mtu huyu mtoto mwenye mkono. Kolton alikuwa mrefu, mkimya, mwenye masikio makubwa, na alirusha kwa mkono wa kushoto. Mpigaji aliyesimama mbele yake alisikia kwanza mpira ukigonga glavu ya mdakaji, ndipo akakumbuka kuzungusha gongo. Kipaji hicho kilitoka wapi, Lorna hakujua, ila alijua hakikutoka kwa nani.

Sasa, vyuo vya huko huwawahi wachezaji wa besiboli mapema mno, kijana hajaanza hata kunyoa. Kocha hupiga simu, huahidi nafasi, kijana hukubali, kisha huweka picha yake mtandaoni na maneno ya kumshukuru Mungu, wazazi na kila aliyewahi kumpa maji ya kunywa. Hapo hakuna aliyetia saini popote. Ni ahadi ya mdomo. Lakini kijana akishatangaza, makocha wengine hawamgusi tena. Ni kama binti aliyeposwa: hata kama mahari haijatolewa, mwenye heshima zake hapigi hodi.

Kolton aliposwa akiwa mwaka wa tatu wa sekondari. Mposaji alikuwa kocha wa chuo kikuu kimoja kikubwa cha jimbo jirani, rangi zake damu ya mzee na kijivu. Lo, mngemwona Verlyn! Alinunua kofia ya damu ya mzee, koti la damu ya mzee, mazulia ya gari ya damu ya mzee, hata mbwa akavalishwa ukosi wa rangi hiyo, na yule mbwa maskini hakuwahi kumkosea mtu. Kisha akapaka ukuta mzima wa gereji. Waliomwuliza bei ya mbegu waliondoka wakijua urefu wa uwanja wa chuo, jina la kocha na idadi ya taa.

Kabla ya hapo mtu mwingine alikuwa amepiga simu nyumbani kwao, Kocha Oyen wa Chuo cha Lindahl, chuo kidogo cha kanisa, mwendo wa saa moja kwa gari. Oyen alikuwa amemfuatilia Kolton tangu mtoto hajabalehe. Simu ile aliipokea Verlyn, na Verlyn alimcheka mzee wa watu sikioni. Wiki nzima akawa anakisimulia kicheko hicho mezani pa ushirika, eti amemwambia kocha kwamba mwanawe hatafuti chuo cha kuimbia kwaya. Lorna alizipata habari dukani, kutoka kwa Bev Stumme, jirani yao, mwanamke ambaye simu haijawahi kukauka mkononi mwake. Lorna akainua nyusi, akaendelea kuchagua vitunguu.

Aprili ya mwaka wa mwisho, yule kocha mkubwa akafukuzwa kazi kwa kushindwashindwa. Aliyeshika nafasi yake alikuja na watu wake, wanaume wazima wenye ndevu waliohama kutoka vyuo vingine, maana sheria za siku hizi zinawaruhusu kuhama kama ndege. Simu ilikuja wakati wa chakula cha jioni. Msaidizi wa kocha, kijana mwenye sauti ya asali, alimweleza Kolton kwamba ana mustakabali mzuri sana, ila si pale kwao. Kolton alisema asante. Akaiweka simu kando ya sahani, akatazama viazi vyake.

"Wameniacha," akasema.

Verlyn alinyanyuka, akafunga dirisha, ati majirani wasisikie, ingawa jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya shamba zima la soya. Akatoa amri. Hakuna mtu kuambiwa. Tangazo la mtandaoni libaki lilivyo. Yeye mwenyewe atazungumza na vyuo vingine vikubwa, taratibu, kiume kwa kiume, na kabla ya watu kushtuka Kolton atakuwa ameposwa pazuri zaidi.

Waswahili wamekwisha sema: mficha uchi hazai. Kama dunia nzima inaamini kijana ana chuo, nani atampa chuo? Mtoto wa chekechea angeliona hilo. Lorna aliliona kabla mume wake hajamaliza kufunga dirisha. Na je, alisema? Hakusema. Alimtazama Verlyn kwa jicho lake lile, la mtu anayeangalia maziwa yaliyoganda, akanyanyua sahani. Kolton, aliyekuwa kati yao, aliliona jicho lile na akaliiga kidogo, na mama mtu akajisikia vizuri kwamba angalau kuna mmoja mle ndani anayeelewa.

Mei ikafika, na sherehe ya kuhitimu. Kule sherehe hufanyiwa gereji. Magari hutolewa, meza za kukunja hupangwa, nyama ya nguruwe iliyochambuliwa hupashwa kwenye sufuria za umeme, na picha za mtoto tangu siku ya kuzaliwa hubandikwa kwenye mbao ili watu watazame alivyokuwa na masikio makubwa hata zamani. Watu wa busara wangeifanya ndogo. Verlyn aliialika Wexel nzima. Aliagiza keki ya rangi mbili, damu ya mzee na kijivu, yenye jina la chuo ambacho kilikuwa kimekwisha mfuta mwanawe mwezi mzima uliopita. Kijivu kile, Lorna aliona, kilifanana na maji ya kudekia.

Lorna aliikata mwenyewe. Kipande baada ya kipande akawapa watu wema, wakala, wakapaka meno yao damu ya mzee, wakampongeza. Bev Stumme alileta mataulo yenye nembo ya chuo. Verlyn alisimama mlangoni akipokea pongezi kwa mikono miwili kama mkuu wa wilaya, na Kolton alisimama chini ya picha zake, akishikana mikono, akisema asante, asante, asante, mpaka uso ukakakamaa. Mzee mmoja alimwambia atawakumbuka atakapokuwa kwenye televisheni. Kijana akasema atajitahidi.

Yote haya yangekuwa mzaha tu, mzaha wa mtu mpumbavu na kofia yake, kama si kwamba Kolton alitaka kucheza. Hicho ndicho Verlyn hakukielewa, na Lorna alikielewa vizuri mno. Kijana hakutaka televisheni wala taa. Alitaka kusimama kwenye kile kichuguu cha katikati ya uwanja na kurusha, miaka minne zaidi, popote, hata malishoni. Vyuo hufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Asipopata nafasi kabla ya hapo, mkono ule ungekwenda kubeba magunia ya mbegu, na ungekuwepo mtu mwingine mezani pa ushirika wa kusema angekuwa nani kama si hiki na kile.

Bahati moja alikuwa nayo. Iowa shule hucheza besiboli kiangazi, na waliokwisha hitimu huendelea kuichezea shule yao mpaka Julai. Kwa hiyo Kolton alikuwa bado uwanjani, akirusha kwa hasira, na hasira ilimfaa. Makocha wa vyuo vidogo walikuja kutazama wengine, wakamtazama na yeye, wakatikisa vichwa kwa masikitiko ya mtu anayemwona mke wa mwenzake, wakaondoka. Verlyn naye alikuwa akipiga simu zake za kiume kwa kiume. Aliwaambia wakubwa kwamba mwanawe "anatafakari upya." Wakubwa walitazama mtandaoni, wakakuta tangazo liko palepale, wakaona huyu baba ni msumbufu, wakanyamaza.

Siku moja Lorna alikuwa akimenya mahindi mabichi jikoni, Kolton akaja kumsaidia. Alimenya matatu. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kama afute lile tangazo.

"Muulize baba yako," Lorna akasema. "Si yeye ndiye anayejua kila kitu?"

Kijana akacheka kidogo, akachukua hindi lingine. Lorna aliona amejibu vizuri. Jibu kama hilo lina ladha yake mdomoni, na mtu aliyelizoea hasikii kwamba hakuna alichoambiwa yule aliyeuliza.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa mtoano, Julai, jioni yenye joto la kunata. Ilikuwa zamu ya Lorna kuuza bisi na soseji kwenye kibanda cha wazazi. Mzee mfupi mwenye kofia iliyopauka na shingo iliyoiva kwa jua alikuja akataka soseji yenye vitunguu vingi. Alijitambulisha mwenyewe: Oyen, wa Lindahl. Alikuwa amekuja kumtazama mdakaji wa timu pinzani.

"Mwanao anarusha vizuri kuliko mwaka jana, mama," akasema. "Wale jamaa wamepata mtu."

Mkono wa Lorna ukasimama juu ya haradali. Angeweza kusema asante. Kina mama wawili walikuwa nyuma yake wakipanga vikombe, na wote wawili walikuwa wamekula ile keki.

"Hawakupata mtu," akasema. "Walimwacha tangu Aprili."

Oyen alitafuna, akameza. "Aprili. Na tangu hapo mlikuwa mkingoja nini? Mvua?"

"Tulikuwa tukimngoja mume wangu apone."

"Anaumwa?"

"Kichwa. Kimevimba."

Mzee hakucheka. Alimtazama kwa namna ambayo Lorna hakuipenda, kama fundi anayetazama nyumba na kuona si paa tu lililooza. Akamweleza kwamba ana nafasi moja. Mrushaji wake wa kushoto ameamua juzi kwenda kusomea ufundi umeme, na kesho asubuhi ana miadi na kijana mwingine wa kuziba pengo hilo. Lakini yeye haibi mchezaji wa mwenzake, hajawahi, na hataanza uzeeni.

"Dunia nzima inajua huyu ni wao," akasema. "Aseme hadharani kwamba yuko huru. Akisema, nitamfuata. Kabla hajasema, mimi sijakuona, na wewe hujaniuzia soseji."

Akaongeza vitunguu mwenyewe, akarudi kukaa.

Kolton alirusha mchezo mzima. Walishindwa bao moja kwa bila, kwa mpira mwepesi uliompita mwenzake katikati ya miguu, na vijana waliokuwa wakihitimu wakakaa kwenye vumbi wakalia, maana kule wanaruhusiwa kulia siku hiyo moja. Kolton hakulia. Alisimama kwenye uzio akivua glavu. Verlyn alikuwa tayari ng'ambo ya uzio, amevaa kofia yake, akiwaeleza watu kwamba kule chuoni wataufurahia sana mwendo wa mpira wa leo.

Lorna alivua aproni, akampita mume wake, akamwambia mtoto maneno yote ya Oyen. Nafasi ipo. Kesho haipo. Sema hadharani.

Verlyn akajitia katikati, akishusha sauti. "Siyo hapa, Lorna. Siyo mbele ya watu. Twende nyumbani tukae, tutafute maneno mazuri."

"Maneno yako mazuri yamemkalisha mtoto tangu Aprili."

"Lindahl! Nitawaambia nini watu?"

Kolton alimgeukia baba yake. Alikuwa na vumbi usoni mpaka kwenye kope.

"Waambie goti," akasema.

Hakulisema kwa nguvu. Verlyn alirudi nyuma hatua moja, na mkono wake ukashuka wenyewe mpaka gotini. Kijana akaichukua simu kwenye mfuko wake wa glavu, akaandika akiwa amesimama, kidole kikiacha vumbi kwenye kioo. Hakumwonyesha mtu kabla ya kutuma. Aliandika kwamba chuo kilichomwahidi kilimwacha mwezi wa Aprili, kwamba hana pa kwenda, kwamba mkono wake ni mzima, na anayetaka mrushaji ampigie.

Simu ya Bev Stumme ndiyo iliyolia kwanza. Akasoma, mdomo ukafunguka, akamgusa mumewe kiwiko. Kisha ikalia nyingine safu ya juu, na nyingine, na nyingine, na kwenye jukwaa lote vichwa vikawa vinainama kusoma na kuinuka kumtazama Verlyn Haverkamp. Walikuwa ni walewale, waliokula keki, waliocheka hadithi ya kwaya, waliotoa mataulo. Verlyn alisimama mbele yao na kofia ya damu ya mzee kichwani, hana pa kuipeleka. Mwisho akatoa simu yake mwenyewe, akasoma kwa makini kama mtu anayepata habari, akamgeukia aliyekuwa karibu naye.

"Nilimshauri hivyo mimi mwenyewe," akasema.

Yule mtu akatazama viatu vyake. Lorna alisikia, na kwa kweli alifurahi. Alikuwa ameingoja furaha hiyo tangu siku za karanga.

Oyen akashuka jukwaani polepole, akijifuta vidole. Hakumpongeza Kolton. Alimweleza kwamba Lindahl hakuna taa, basi lao linavuja, na wanaoanza ndio wanaofagia uwanja. Akamuuliza kama ana akili za kupokea simu yake mwenyewe. Kolton akasema anazo. Oyen akasema basi aje Jumatatu na viatu vya kukimbilia, kisha akaondoka bila kumpa Verlyn hata mkono, na Lorna akampa alama nzuri kwa hilo.

Watu wa aina ya Verlyn hawafi kwa aibu. Wangekuwa wamekwisha zamani. Haikupita wiki akarudi mezani pa ushirika, akatupa dadu, akaeleza kwamba vyuo vikubwa vimeoza, siku hizi ni fedha tupu, na kwamba yeye siku zote alimwona Oyen kuwa kocha wa maana. Akanunua kofia ya bluu, rangi ya Lindahl. Mbwa akabadilishiwa ukosi. Akanunua rangi ya bluu na kuanza kupaka ukuta wa gereji, akipaka juu ya damu ya mzee bila kuukwangua kwanza, hata bluu ikatoka kama jeraha lililovilia damu. Lorna aliuona ukuta ule, akamwonyesha Kolton kwa kidevu tu, na wote wawili wakaelewana.

Siku ya kuondoka, Agosti, Kolton alikuwa akifunga mizigo nyuma ya gari lake. Verlyn alitoka gereji na brashi mkononi, rangi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amefurahi, mjinga wa watu, amefurahi kwa dhati. Akasema amekwisha jua atakapokaa: nyuma kabisa ya mdakaji, kila Jumamosi, mvua, jua, atakuwa wa kwanza kufika. Alisema hajawahi kukosa mchezo hata mmoja wa mwanawe tangu ana miaka sita, na hataanza sasa. Hilo lilikuwa kweli. Katika yote aliyopata kusema Verlyn Haverkamp, hilo lilikuwa kweli tupu, na Lorna, aliyekaa kando yake michezo yote hiyo akihesabu upuuzi wake, hakuwahi kuliwaza.

Kolton alivuta kamba, akaikaza. Alimtazama baba yake kuanzia kofia mpya mpaka viatu.

"Baba, wewe usije," akasema. "Mama akitaka, aje."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Ingekuwa hasira, ingepoa. Ilikuwa sauti tulivu, baridi, ya mtu aliyekwisha kumpima mwenzake na kumwondoa kwenye hesabu, na jicho lilikuwa lile la mtu anayeangalia maziwa yaliyoganda. Lorna aliitambua. Aliipika mwenyewe, jikoni mwake, miaka kumi na minane, akamlisha mtoto kila siku pamoja na viazi. Na siku mtoto alipokuja kumuuliza afanye nini, hiyo ndiyo aliyompa.

Kijana alimbusu mama yake shavuni, akaingia garini, akaenda.

Verlyn alibaki njiani na brashi yake, bluu ikimdondokea kiatuni. Alikuwa akitabasamu bado, tabasamu la mtu anayengoja aambiwe mzaha umeishia wapi. Alingoja mpaka gari likapinda kwenye maghala, ndipo akamgeukia mkewe.

"Anatania, sivyo?"

Lorna alikuwa na majibu mazuri tayari, mengi, kama kawaida. Aliutazama uso ule wenye rangi nyusini.

"Anatania," akasema. "Njoo ule."